Herufi Moja Ubavuni mwa Mtumbwi wa Joviana

Saa mbili asubuhi Elieth Mushumbusi amechutama kando ya mtumbwi mpya uliopandishwa mchangani, kwenye mwalo mmoja wa wavuvi, ufukweni mwa ziwa, wilayani Muleba. Anakwangua herufi moja tu kwa msasa: T. Saa nne padri anakuja kuubariki mtumbwi, na rangi ya mafuta haina habari na ratiba ya padri.

"Nikikosea tena leo, nimekwisha," anasema bila kuinua macho. "Nani ataniletea mtumbwi tena?"

Elieth, 46, mzaliwa wa Kamachumu, huandika majina ya mitumbwi. Kazi alifundishwa na baba yake, aliyekuwa akichora mabango ya maduka. Hutoza shilingi elfu mbili kwa herufi, na wateja wake wakubwa ni wavuvi Wakatoliki, maana mitumbwi yao huipa majina ya sifa za Bikira Maria, na hayo ni marefu. Yeye mwenyewe ni Mlutheri.

"Kanisani kwetu wananitania kwamba Mama Maria ndiye anayenisomeshea watoto," anacheka. "Nitakataaje? Kimbilio la Wakosefu peke yake ni herufi kumi na nane!"

Sifa moja tu haijawahi kuagizwa: Mlango wa Mbingu. Wavuvi wanasema huko wataenda, ila hawana haraka.

Balaa la T lilianza juzi. Joviana Kagaruki, mkulima wa kahawa na migomba kutoka Nshamba, alimwachia karatasi yenye jina. Mwaka jana upepo uliupindua mtumbwi wa wanawe wawili, wakang'ang'ania ubao mpaka wakaokolewa. Siku ile mama yao aliweka nadhiri kwamba mtumbwi mwingine ukipatikana, utaitwa kwa jina la Mama Maria, mwombezi wa mabaharia. Kwenye karatasi ile akaandika mojawapo ya sifa zake: Nyota ya Bahari.

Tatizo, Joviana ana mwandiko wa mbiombio, na R yake ni T tupu. Elieth akasoma, akakuna kichwa.

"Nikajisemea, bahari imefikaje Muleba? Hili si ziwa? Basi lazima ni Bahati!"

Akaandika kwa madaha, NYOTA YA BAHATI, na nyota mbili za njano akaongeza bure.

Jana mwalo mzima ulivunjika mbavu. "Mama Kagaruki kafungua duka la kubeti!" vijana walipiga kelele. Joviana hakucheka hata kidogo. Aliapa wanawe hawatakanyaga chombo kile. "Mama wa Mungu si bahati nasibu!" alifoka, akaondoka.

Elieth hakujificha. Alimfuata hadi Nshamba jana hiyo hiyo, akapiga magoti mlangoni.

"Nisamehe, waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya. "Nilidhani bahari ni ya watu wa pwani."

Kicheko kikamponyoka Joviana. "Wewe Elieth, Kihaya umekisahau? Ziwa tunaliitaje?"

"Enyanja."

"Na bahari?"

"Enyanja," alijibu Elieth, aibu imemjaa.

"Basi. Mama hachagui maji. Nenda ukanirekebishie."

Na leo anarekebisha. R inasimama, nono na nyeupe, dakika chache kabla padri hajafika. Padri anainua maji ya baraka.

"Taratibu, Baba!" Elieth anapaza sauti. "Herufi ya pili kutoka mwisho bado mbichi!"

Watu wanaangua kicheko, padri naye. Ananyunyizia ubavu wa pili, kisha anasoma jina kwa sauti: Nyota ya Bahari. Joviana anafanya ishara ya msalaba, machozi yanamtoka, na wanawe wanausukuma mtumbwi majini. Elieth anaufuata kwa macho, brashi mkononi, moyo mweupe.

Naye anadunduliza anunue mtumbwi wake wa kukodisha. Jina analo tayari.

"Nyota ya Bahati," anasema. "Nimelizoea, nalionea huruma kulitupa."

Joviana anafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kasinge, mwanangu," anampongeza. "Ila karatasi usiniombe mimi nikuandikie."