Shamba Lililosafishwa kwa Ajili ya Wageni

Asubuhi ya siku ya mwisho ya mkutano, Pélagie alikuwa anafunga kamba za viatu simu ikaita. Alikuwa mama yake, kutoka Makobola.

“Pélagie, minye nakushukuru kwa ile zawadi.”

“Zawadi gani, mama? Niko mbio. Nitakupigia magaribi.” Akakata.

Alikuwa na haki ya kukimbia. Tangu mkutano uanze, wanasayansi walikaa katika ukumbi wa parokia pale Uvira, jenereta ikinguruma nje, wakibishana jinsi jeni zinavyokatika na kuungana upya, na kama kilichoungana hudumu au husambaratika. Pélagie, fundi wa maabara ya kilimo, akasimama akasema alichokiona katika kijiji cha Runingu: virusi viwili vya muhogo vimekutana ndani ya mti mmoja, vikabadilishana vipande vya jeni, kikazaliwa cha tatu kikali kuliko vyote viwili. Na hicho cha tatu hakisambaratiki. Kata mti, upande upya, bado kimo.

“Sampuli ziko wapi?” akauliza Profesa Basile, aliyeongoza mkutano.

Sampuli zilioza kwenye friji umeme ulipokatika. Watu wakacheka kwa adabu, na kicheko cha adabu ndicho kinachouma. Lakini mihogo yenyewe ipo shambani, akasema Pélagie, twendeni mkachume majani kwa mikono yenu. Profesa akakubali waende siku ya mwisho, na Pélagie akapeleka habari Runingu kuwa wageni watakuja. Majani yakithibitisha, kazi ya Pélagie itaingia katika utafiti mkubwa na maabara itapata friji ya jua. Yasipothibitisha, habari imeishia hapo.

Ndiyo maana gari lilipofika Runingu Pélagie aliruka chini wa kwanza. Mama Mapendo, mwenye shamba, akawapokea kwa vigelegele pamoja na wanawake wenzake, wote katika vitenge vya Jumapili. Ua umefagiliwa, sombe ya majani ya muhogo inanukia. Pélagie akawapita, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba.

Pembe ya shamba ilikokuwa mihogo yenye virusi ilikuwa imelimwa upya, matuta yamenyooka. Hapakuwa na hata jani moja lililokunjamana, wala doa la manjano.

“Mama, mihogo yangu iko wapi?”

“Ile ya magonjwa? Tuliing’oa, mwanangu. Bageni batoke mbali, batukute na majani ya kutuletea haya?”

“Nilikuomba usiiguse.”

“Uliniomba mbele ya kujua kama bageni banakuja.”

Hasira ilimpanda. Utamkaripia vipi mtu aliyejivunja mgongo kwa kazi ili wewe usiaibike? Angekuwa adui, angalau ungejua pa kuanzia.

Profesa Basile akatazama matuta, akatazama saa, akamwambia kwa upole awaandikie siku akipata sampuli nyingine. Wageni wakala sombe, wakaisifu sana, wakaondoka. Pélagie hakupanda gari.

“Ile miti mliitupa wapi?” aliuliza. Hata kipande kimoja jalalani kingemtosha.

Mama Mapendo alimshangaa kweli. Runingu hakuna anayetupa mti wa muhogo. Ukikata, unampa mtu akapande, naye hakatai.

“Tutupe? Muti ungali na macho mazuri ya kuchipuka? Tuliifunga yote, tukapatia mutu wa pikipiki apeleke Makobola, kwa mama yako. Tulimwambia iko zawadi kutoka kwako. Weye unatusumbukia sana, na yeye ndiye alikuzaa.”

Pélagie akaketi juu ya tuta. Shamba la mama yake lilikuwa safi. Yeye mwenyewe alilipandia miti iliyopimwa maabara, na watu wa kando ya ziwa, kuelekea Fizi kote, walizoea kwenda kuomba mbegu pale. Ugonjwa ukiingia shamba lile, utasafiri na kila kijiti kitakachoombwa. Akatoa simu, akampigia.

“Mama, ile miti usiipande.”

“Nilisha kuipanda, mwanangu, mule katikati ya mingine. Na ilibakia mingi, nikagawia majirani bote. Banasema Mungu akubariki.”