Kamera Iliyonizidi Umri

Baba yangu aliwahi kuniambia niiamkie kamera. Nilicheka mbele ya wateja, na kicheko kile kinaniuma hadi leo.

Nilikuwa nafanya kazi kwa Mhindi mmoja mjini Mwanza, muuza vitambaa aliyekuwa na chumba cha picha nyuma ya duka. Nilikuwa na mke, nina masharubu, najiona mtu wa mjini hasa. Kamera yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu, na mbele yake mfuko wa ngozi uliokunjwakunjwa. Tajiri wangu aliinunua mnadani, katika mali ya marehemu fulani, pamoja na kasha la vioo. Maana siku zile picha ilinaswa kwanza kwenye kioo, ndipo ikachapwa kwenye karatasi. Umri wake hakuna aliyeujua.

Siku moja Baba alikuja kwa miguu kutoka Kiseke kuniona. Alipoliona lile sanduku akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Hili ndilo lililotupiga picha mimi na mama yako, kabla ya vita vya Wajerumani," akasema. "Wewe hujazaliwa. Liamkie, ni kaka yako mkubwa."

Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Sura yake siijui. Picha yao iliungua pamoja na nyumba, na mwaka ule Baba alikuwa ameniambia jambo lililomtesa: akifumba macho alikumbuka sauti ya mama na shanga zake, lakini uso haukuja. Kwa hiyo akaniomba nitafute kioo chao ndani ya kasha.

"Baba, kamera hii ni ya juzi!" nikamjibu, kwa sauti ili wote wasikie. "Tazama lenzi, imeandikwa Kiingereza. Mjerumani gani huyo wa kuandika Kiingereza?"

Wateja wakacheka. "Haya, mwanangu, wewe ndiye uliyesoma," Baba akasema, akavaa kofia, akarudi zake.

Nilivitazama vioo vitatu tu. Ulikuwa uvivu, na kiburi juu yake. Kamera ikiwa ya juzi, nilijiambia, vioo vyake navyo ni vya juzi. Tajiri aliponiagiza nivioshe tupate vioo vya fremu, nilichemsha maji, nikatia magadi, nikasugua kasha zima mpaka kila kioo kikang'aa. Nyuso zilitoka na povu. Tajiri alinisifu, akanipa fremu moja. Nikatia picha yangu nimevaa suti ya kuazima, nikampelekea Baba, naye akaitundika juu ya kitanda chake.

Mvua za mwaka uliofuata, panya waliutafuna ule mfuko wa ngozi. Tulipoubandua ili tuushone, tukakuta kwenye mbao maandishi ya penseli, Kijerumani kitupu, na mwaka. Tajiri aliusoma mara mbili. Miaka minne kabla ya vita! Lenzi ndiyo iliyokuwa ngeni. Mtu aliibadilisha baadaye, kama unavyotia mpini mpya kwenye jembe la zamani. Mimi nilizaliwa mwaka vita vilipoanza. Lo, mjinga mimi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu, lakini guu lililovunjika halikuwa langu.

Jumapili nilikwenda Kiseke. Nilimwamkia Baba, akaitikia marahaba, nikamweleza yote: umri wa kamera, vioo, magadi. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliinyooshea kidole ile fremu ukutani.

"Na kioo hiki kimetoka kasha lile?"

"Ndiyo, Baba."

Akaitungua. Alitoa misumari kwa ncha ya kisu, akaiacha picha yangu kitandani, akaenda na kioo mlangoni penye mwanga. Alikigeuza huku na huku. Alikipulizia pumzi, akangoja ukungu uondoke, akapulizia tena. Mimi nilikaa pale pale kwenye kigoda.

"Unaona kitu, Baba?"

"Naona mbuzi wangu pale uani," akasema. "Ulisugua vizuri, mwanangu."