Dhamana ya Birika la Manda

Nina duka la simu Langoni, mjini Amu, na maneno niliyoyasema mara nyingi kuliko yote maishani mwangu, ukiondoa salamu, ni haya: "Simu ikishaingia maji, dhamana hakuna." Nimewaambia walimu, nimewaambia manahodha, nimemwambia hata bibi harusi mmoja aliyeidondosha yake kwenye bakuli la hina. Wote waliapa kwamba haikugusa maji, huku simu yenyewe ikitiririka mezani. Kwa hiyo siku nilipokwenda mimi kununua kitu ambacho kazi yake yote ni kukaa na maji, nilikwenda na roho ya mwenye duka. Simwamini muuzaji. Najua tunavyosema.

Kitu chenyewe kilikuwa bwawa la kuogelea la faiba. Usinicheke. Najua bahari iko mlangoni. Lakini mama yangu alianguka kwenye ngazi za nyumba yetu, zile ngazi za mawe za kizamani ambazo kila kidato kina kimo chake, akavunjika nyonga. Alipasuliwa Mombasa na mfupa ukaunga vizuri. Miguu ndiyo iliyogoma. Daktari akasema kilichobaki ni hofu na misuli iliyolala, na dawa yake ni atembee ndani ya maji kila siku, kwa sababu maji humbeba mtu asianguke. Ya baharini hakutaka hata kuyasikia.

"Nikavue buibui mbee ya wanaume wa mashua?" alisema. "Heri nife kitini."

Na kweli niliogopa kwamba angekufa kitini. Huyu alikuwa mtu wa miguu. Hakukuwa na msiba wala harusi Amu iliyompita; alikuwa akitoka nyumba hii akiingia ile, na habari zote za mji zikirudi naye. Sasa alizisikia dirishani kama mgeni. Tukimwinua, alitushika mkono kwa nguvu hadi vidole vyake vikaacha alama. Nilizitazama alama hizo usiku na nikalia peke yangu, sina haja ya kuficha.

Tuna nyumba ndogo kisiwani Manda, ng'ambo tu ya mji, karibu na pwani, yenye ua wa mawe mrefu ambao hata ngamia hachungulii. Mdogo wangu wa kike ndiye akaaye huko. Tukakubaliana bwawa liwekwe ndani ya ua ule, na mama ahamie. Tukauza shamba la minazi alilotuachia baba. Hatukuwa na kitu kingine cha kuuza, na bwawa lile likiharibika, hapangekuwa na la pili.

Muuzaji alikuwa mwanamke wa Mombasa mwenye sauti ya upole. Tangazo lake lilisema "dhamana ya maisha."

"Maisha ya nani?" nilimuuliza kwa simu. "Yangu, ya mama, au ya kampuni yenu?"

Akacheka. Nikamwambia sikutania.

Ndipo akanieleza, na ikaonekana dhamana haikuwa moja; zilikuwa kadhaa, kila moja na tabia yake. Ndefu ilikuwa ya ganda lenyewe, lile bakuli zima la faiba linalofukiwa ardhini, lisivuje wala lisipasuke. Rangi laini ya juu ilikuwa na yake, fupi, na haikuhusu kupauka kunakotokana na dawa ya maji iliyotiwa kwa kukisia. Pampu ilikuwa juu ya aliyetengeneza pampu. Na kazi ya shimo, mchanga wa chini, kusawazisha na kulilaza ganda ardhini, yote hiyo ilikuwa juu ya fundi, si juu yao. "Wengi hulia hapo, Bi," alisema. "Ganda zima, halina hata mkwaruzo, lakini limelala upande, na mwenyewe ananililia mimi." Nikamtaka fundi naye aandike dhamana ya kazi yake. Alinuna, akaandika. Yule mwanamke nikaanza kumheshimu, maana alinitajia asiyoyadhamini kabla sijamuuliza, na mimi dukani mwangu sifanyi hivyo.

Kisha akauliza, "Ardhi yenu ina maji karibu?"

"Sisi ni kisiwa, bibi."

Akaniambia basi sharti moja nilishike kuliko yote: bwawa lisiondolewe maji bila kuwauliza. Ganda tupu ni jepesi. Maji ya ardhini yakipanda hulisukuma kutoka chini, likachomoka kama kizibo, likapasuka, na hapo dhamana yote imekufa. Aliagiza fundi azamishe bomba ubavuni mwa bwawa hadi chini yake, ili mtu akichungulia aone maji ya ardhini yamefika wapi. Maji ya bwawani yasiwe chini ya yale ya bombani, basi.

Ganda lililetwa kwa tishari la mizigo. Karatasi ilisema ukishatia sahihi, ufa ni wako. Kwetu, mzigo haukaguliwi mbele ya mtu aliyeuleta kabla hajanywa kahawa. Ni kama umemwita mwizi. Mimi nilizunguka ganda lile kwa viganja vya mikono, ndani na nje, kama anunuaye mbuzi, na kahawa ikapoa na mabaharia wakanikasirikia. Sikuona ufa. Nikatia sahihi.

Mama alilipenda siku ile ile, na akaliita birika. Kila nyumba ya kwetu ya kizamani ina birika, hodhi la mawe na chokaa ndani ya choo, la maji ya kuogea na kutawadhia, na ndani yake huwekwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu.

"Birika gani hili lisilo samaki?" alisema. Nikamwambia samaki hawaishi kwenye dawa. Akaguna.

Kila asubuhi aliingia na dera lake kuukuu, mkono mmoja kwenye chuma cha ukingoni na mwingine kwa mdogo wangu, akatembea huku maji yakimfika kifuani. Miezi ikapita. Alitembea vizuri, tena alitembea akipiga soga, lakini ule mkono hakuuachia. Ukijaribu kuuchomoa, alipiga ukelele. Nikaanza kufikiri kwamba shamba la baba lilikuwa limekwenda bure, ingawa sikumwambia mtu.

Ikaingia Shaabani, mwezi ulio mbele ya Ramadhani. Sasa, mwezi huo ukikaribia kuisha, nyumba yenye kujiheshimu huondoa maji ya birika lake, ikalisugua kwa makumbi ya nazi, ikalipaka chokaa. Nimelifanya hilo tangu nina meno ya utoto. Na mwisho wa mwezi ndio wakati wa bamvua, bahari inapojaa kuliko siku zote, maana mwezi na jua huivuta pamoja. Birika la mawe ndani ya nyumba halijali bamvua. Kwa bwawa la faiba lililochimbiwa pwani ya Manda, desturi yetu ilikuwa imechagua siku mbaya kuliko zote.

Nilikuwa dukani baada ya adhuhuri, nina mteja, ujumbe wa sauti wa mdogo wangu ukaingia kwenye simu. "Dada, mama ameamrisha tuondoe maji birikani. Nimemwambia karatasi inakataza. Anasema karatasi ya Mombasa haijui Ramadhani. Nimewasha pampu, nifanyeje?" Na nyuma yake nikamsikia mama: "Mwezi waandama na birika haliyasuguliwa! Aibu!"

Nikapiga. Haikupokewa. Nikapiga tena. Mteja nikamtoa nje kwa bega, nikafunga duka, nikakimbia hadi gatini na viatu mkononi. Bahari ilikuwa imekwisha kupanda vidato vya gati na ilikuwa bado inakuja. Nikarukia boti ya kwanza. Boti ilikwenda mbio lakini kwangu haikwenda. Nikampigia muuzaji, na Mungu ananijua, kwa nukta moja nilitaka kusema wateja wangu wanavyosema, kwamba halikuguswa kabisa. Nikamwambia kweli yote.

Hakunigombeza. "Fika, zima pampu, anza kurudisha maji. Usingoje. Kisha chungulia bombani, uniambie."

Niliingia uani nikipiga makelele kabla mlango haujafunguka sawasawa. Pampu ilikuwa kimya. Mdogo wangu alikuwa ukingoni, simu yake imesahauliwa kwenye kiti, amejiziba mdomo kwa mkono. Maji yalikuwa yameshuka hadi mapajani mwa mama. Na mama alikuwa katikati ya ubavu ule usio na chuma, amegeuza mgongo, kumbi katika mkono wa kulia, kopo katika mkono wa kushoto, anausugua mstari wa uchafu ukutani kama anayedaiwa. Hakushika kitu. Hakuna aliyemshika.

"Imezimwa," mdogo wangu alinong'ona. "Mama alisema nizime, abakishe maji ya kusuuzia. Yalipoanza kushuka alinishika, baadaye akasema nasugua vibaya, akaninyang'anya kumbi."

Kusugua kwataka mikono miwili. Maji yalishuka taratibu, yakamrudishia uzito wake kidogo kidogo, kifuani, kiunoni, mapajani, na yeye ana kazi yake, hana habari.

Nikauingiza mpira wa maji ya kisima bwawani, nikafungulia hadi mwisho. Nikalala kifudifudi, nikachungulia bombani kwa tochi ya simu. Maji ya ardhini yalikuwa juu, juu sana, yanang'aa. Yale ya bwawani yalikuwa juu yake kwa upana wa kiganja tu. Nikatembeza mkono ukingoni kote, kama siku ile ya tishari. Hapakuwa na ufa, hapakuwa na palipoinuka. Nikampelekea muuzaji picha, nikaketi sakafuni.

Akapiga. "Halikutikisika," alisema. "Na kupunguza si kuondoa, Bi. Dhamana yako ni nzima. Anasugua na nini?"

"Makumbi ya nazi."

"Asitie mchanga."

"Na chokaa?"

"Hata tone!"

Nikacheka hadi machozi yakatoka, na yalipotoka yakakataa kukoma. Shamba la baba lilikuwa bado lipo, limelala pale ndani ya ardhi ya Manda, na maji yanalijaza.

Adhana ya alasiri ikasikika kutoka ng'ambo. Mama akalitupa kumbi, akautazama ukuta, akaridhika. Akaenda kwenye vidato vya bwawa, akavipanda. Kimoja, akapumzika, kingine. Mdogo wangu akanyoosha mkono na mimi nikamvuta nyuma. Mama akatoka majini na dera lake likichuruzika, akaukata ua kwa mwendo wake wa zamani, ule wa mtu anayechelewa mazishi, hadi mlango wa choo kwenda kutawadha. Hapo ndipo alipogeuka akatukuta tumesimama, tumeshikana sisi kwa sisi.

"Mwalia nini?" akasema. "Mpira umetoka, mai yamwaika."

Nikaenda nikaurudisha.