Kamera Iliyochelewa Kuzimika

Kila ninapozima kamera yangu, mlio wake mfupi na mkoromo wa lenzi inayorudi ndani hunirudisha Mikumi, utotoni. Kijitabu cha maelekezo kinasema ni kawaida: kamera huhifadhi picha kwanza, ndipo hujifunga.

Baba hakuwa amesoma cha kamera yake. Pikapu tuliyoipanda Kilosa ilipasuka tairi ndani ya mbuga ya Mikumi, nasi tulikuwa nyuma, kwenye bodi lililo wazi. Tembo jike mwenye mtoto alitoka kwenye nyasi. Baba, mpiga picha wa harusi, akampiga picha kwa kamera yake mpya isiyotumia filamu. Tembo akageuka, akatanua masikio.

"Zima hicho kidude, baba watoto," mama alinong'ona.

Baba akabonyeza. Taa nyekundu iliendelea kupepesa. Kamera ikalia kama kinanda cha mtoto, kisha lenzi ikaanza kukoroma. Tembo akasogea. Nikasikia harufu yake ya matope na majani yaliyotafunwa.

"Inazimika," baba alisema.

"Lini?"

Mama akamnyang'anya, akaifunika kwa khanga kwapani. Lenzi ikahangaika humo, mwishowe ikatulia.

"Chenyewe kimenyamaza. Bado wewe, unahema kama trekta."

Baba akaziba mdomo kwa kiganja. Tembo alisimama palepale mpaka mtoto wake alipovuka lami, ndipo akamfuata.

Dereva alishuka kubadilisha tairi. Baba alikuwa bado ameziba mdomo.