Mgagani wa Nyuma ya Gereji

Fundi cherehani alikuwa na wivu, wala hakujisumbua kuuficha. Aliyetangulia kuolewa katika nyumba ile ni nani? Yeye. Aliyemuuguza mama mkwe tangu homa imlaze, akamwogesha, akamgeuza kitandani, akampikia supu ya kuku ambayo mgonjwa hata hakuitazama, ni nani? Yeye tena! Halafu aje mke wa shemeji yake, wa juzijuzi tu, na kibakuli cha magugu, mama ale mpaka alambe vidole.

Magugu, ndiyo. Mgagani uliojiotea nyuma ya gereji ya mtaani, hakuna aliyeupanda wala kuumwagilia. Yule binti alichuma majani machanga, akayachemsha, akamwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, kisha akayakaanga kwa kitunguu. Wiki haijaisha, mama ameketi, macho yamepata nuru, anaomba aongezewe.

"Uchungu huu ndio unaonirudishia hamu ya kula," mama alisema. "Hata nilipokuwa mzazi, mboga hii ndiyo iliyonipa nguvu. Huyu binti ana mkono, jamani!"

Ana mkono! Na yeye fundi ana nini, kwato? Roho ilimuuma hata akashona mkono wa blauzi ya mteja ndani nje.

Kulipokucha alikwenda mbio nyuma ya gereji, akainama, akang'oa. Hakuchagua. Mche kwa mche, na mizizi yake, hata ile midogo iliyoanza kuchipua, yote akaitupa mtaroni kwenye maji ya oili chafu.

"Haya, tuone sasa utapika nini," akasema peke yake, huku anahema. Na asikudanganye mtu, alijisikia vizuri. Njia nzima alikuwa akiimba.

Nyumbani akanawa harakaharaka, akaingia chumbani kumwinua mama. Mama akamshika mkono, akausogeza puani, akanusa. Akanusa tena. Mgagani hautoki kwa maji matupu. Unanata kiganjani na kunuka kutwa nzima.

Uso wa mama ukachangamka.

"Mwanangu! Kumbe leo umenichumia wewe?"

Fundi akajaribu kuuvuta mkono, mama hakuuachia.

"Mwenzio anapika vizuri, simnyimi haki yake," mama akasema kwa sauti ya chini. "Lakini kila nikila nawaza, huyu wangu wa kwanza mbona hanipikii mboga hii? Nikaogopa kukuomba. Nilidhani umeshanichoka."

"Sijakuchoka, mama," fundi akasema, na machozi yakamtoka.

"Sasa unalia nini, wewe? Nenda kapike. Leo nina njaa kwelikweli."

Fundi akaenda jikoni, akafunga mlango, akakaa sakafuni mbele ya sufuria tupu. Kutoka chumbani alimsikia mama akiita, kwa furaha, akiuliza kama mboga imeshaanza kuchemka.