Nilivyommwagia Baba Mkwe Supu Nikimsaidia Ghati

Mkasa huu siusimulii mke wangu akiwepo, maana aliyeaibika ni mimi lakini aliyenuniwa kwao ni yeye, ila kwa kuwa leo hayupo, sogeeni.

Ilikuwa ile miaka dhahabu ilipopamba moto Nyamongo, watu wanamiminika kutoka kila pembe, na mimi nauza tochi na sururu pale Kerende. Nilikuwa pia kwenye kikundi chetu cha kujitolea (tulianza kwa kufyeka majani ya zahanati na kuwatembelea wagonjwa), na tukaona si haki kwamba kazi zimejaa kila kona lakini ndugu zetu wenye ulemavu, watu wazima wenye nguvu zao, wanashinda nyumbani kana kwamba dhahabu haiwahusu. Tukakubaliana tuwatafutie kazi. Wa kwanza alikuwa Ghati, kiziwi tangu utotoni, ambaye kwenye misiba na harusi za kwao ndiye aliyekuwa anagawa chakula na hakuna aliyelala njaa. Mama Robi, mwenye mgahawa karibu na mashimo ya wachimbaji, alimkubali kwa shingo upande.

"Nampa Jumamosi moja," aliniambia. "Wachimbaji hawana subira. Akishindwa, msiniletee mwingine."

Jumamosi nikamsindikiza. Kazi yangu ilikuwa kumtambulisha na kurudi dukani, basi. Ghati mwenyewe alinionyesha kwa mkono njia ya kurudi, huku anatabasamu. Lakini nikajiambia nikae kidogo tu nimsaidie, wasije wakamdharau (hapo ndipo nilipojiharibia), nikachukua aproni iliyoning'inia msumarini, yenye maua makubwa mekundu, nikaivaa.

Mteja akisema chai ya rangi na chapati mbili, mimi namkimbilia Ghati, nampigia kelele sikioni (ndiyo, kiziwi, nampigia kelele sikioni) na kuzungusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Yeye alikuwa ameshaona mteja anaonyesha nini, kwa hiyo analeta chapati zake, nami naleta zangu, meza inajaa chapati. Aliyetaka maharage akapata maini. Mchimbaji mmoja akaniuliza kwa upole, "Mura, kijana wangu, wewe ni mhudumu au unapiga mnada?" Wenzake wakacheka. Mtu mwenye akili angeondoka pale.

Mara ikaja habari kwamba shimo moja limetema dhahabu, banda likafurika, kila mtu anataka supu ya makongoro. Nikabeba trei ya mabakuli yaliyojaa, nikazunguka nayo meza kwa meza nikitangaza kwamba huyu dada hasikii, kwa hiyo wote waagize kwangu. Nilipogeuka nikamwona baba mkwe wangu, Mzee Mwita wa Itiryo, aliyekuwa ameshuka kuuza ng'ombe, anaingia na wazee wenzake. Sasa mnajua kwetu mkwe ni mtu wa namna gani, hata benchi moja hukai naye hivi hivi, na mimi hapo nimevaa maua mekundu, trei mkononi. Nikataka kugeuka nijifiche kwenye moshi wa jikoni, mguu ukaingia kwenye karai la vyombo, nikapepesuka, na mzee alikuwa ameshanifikia, amenyoosha mkono anisalimie.

Supu yote ikaishia kwake. Namshukuru Mungu ilikuwa imepoa, kwa jinsi nilivyokuwa nimezunguka nayo nikitangaza. Lakini badala ya kusimama nitulie, nikashika ncha ya aproni nikaanza kumfuta, kuanzia tumboni nikiteremka, mpaka mapajani. Mapaja ya baba mkwe, mbele ya wachimbaji wote.

"Acha, mkwe," mzee akasema taratibu. "Mikono ninayo. Nitajifuta mwenyewe."

Ghati akaja na beseni la maji na kitambaa safi, akaviweka mbele ya mzee. Halafu akanizunguka, akafungua fundo la aproni mgongoni kwangu, akaivaa yeye, akaninyooshea kidole benchi la pembeni. Nikaenda nikakaa.

Kutoka pale ndipo nilipoona kazi ikifanyika. Mteja anaonyesha sufuria, anainua vidole kutaja idadi, Ghati anaitikia kwa kichwa, anapeleka. Yule mchimbaji mchokozi akajipepea ulimi kuomba pilipili, Ghati akaelewa, na baada ya muda banda zima wanajipepea ndimi na kucheka, na Ghati akacheka nao kwa sauti, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia. Mzee akala hapo hapo na suruali yake mbichi, akaongeza bakuli.

Nikajikaza nikamfuata. "Shikamoo tata. Nisamehe."

"Marahaba." Hakuniangalia, alikuwa anamwangalia Ghati. "Yule mama anaijua kazi. Wewe rudi kwenye tochi zako."

Jioni Mama Robi akaniambia, "Jumatatu aje. Wewe usije." Hazikupita wiki nyingi akatuuliza kama tunamjua mwingine wa kuosha vyombo, na majirani zake nao wakaanza kuuliza. Mimi huku nyuma habari zangu zilishafika Itiryo, mashemeji wakamnunia dada yao kwa aibu ile, mimi wakanibatiza Makongoro, na mpaka leo ndilo jina langu ukweni.

Basi nimeapa. Nikimpeleka mtu kazini, namtambulisha, nasalimia, naondoka. Si rahisi. Juzi nimepita kwenye mashine ya kusaga tulikompeleka Mniko, aliyepoteza mkono mmoja shimoni, nikamkuta anahangaika na kamba ya gunia, anaibana kwa meno, inamtoka, anaibana tena. Miguu yangu ikaanza kwenda yenyewe. Nikaingia duka la jirani, nikaomba soda, nikainywa polepole huku nimeishikilia chupa kwa mikono yote miwili. Ilipobaki povu tu, gunia likawa limefungwa, na Mniko anavuta la pili.