Mpinzani wa Börje

Miaka tisa Gunnel Sjödin aliishi mjini kwao akijulikana kama mwanamke aliyemkata mfanyakazi mwenzake Lennart vidole. Si kwamba walimwambia usoni, wapi! Walinyamaza tu akiingia dukani. Mke wa Lennart ndiye aliyekuwa akivuka barabara kabisa ili asikutane naye. Na aliyemtwisha mzigo huo ni Börje, msimamizi wa kiwanda cha mbao, aliyeandika kwenye ripoti kwamba Gunnel Sjödin aliwasha msumeno bila kuangalia.

Kiwanda kikafungwa, Gunnel na Börje wakajikuta shule ya watu wazima, darasa moja, wakitafuta cheti. Basi Börje, mtu asiye na haya hata chembe, akachagua kuandika insha kuhusu nini? Usalama kiwandani! Dai lake kuu: "Ajali pekee ilitokana na uzembe wa mfanyakazi." Chanzo chake: ile ripoti yake mwenyewe.

Shuleni hapo kila insha hupewa mpinzani, mwanafunzi wa kuihoji mbele ya darasa. Mwalimu Tuva, mgeni mjini, alipiga kura, na kwa insha ya Börje likatoka jina la Gunnel.

"Mwalimu, huyu hapana," Börje akaruka. "Tuna yetu ya zamani."

"Ya zamani yapi?" Gunnel akadakia. "Au insha yako ina kidonda?"

Tuva alikuwa amewafundisha wasitosheke na maneno kuhusu karatasi, waishike karatasi yenyewe. Gunnel alilishika somo hilo kwa meno. Wiki mbili, kila alasiri, alikuwa kwenye chumba cha nyaraka cha manispaa akipekua masanduku ya kiwanda. Kwenye sanduku la kumi na moja alicheka peke yake hadi mtunza nyaraka akamkodolea macho.

Siku ilipofika, Börje alileta keki, maana mwenye insha ndiye hulisha darasa.

"Chanzo chako ni ripoti ya nani?" Gunnel akaanza.

"Ya msimamizi."

"Msimamizi yupi huyo?"

Darasa likacheka. Gunnel akamwekea karatasi mezani. "Tusomee. Kwa sauti, mpenzi, hata wa nyuma wasikie."

Ilikuwa barua ya Gunnel, ya siku sita kabla ya ajali: kinga ya msumeno imevunjika, mashine isimamishwe. Chini yake, kwa mwandiko wa Börje: "Isisimamishwe. Oda kwanza." Alisoma akitokwa jasho.

"Yatosha, Gunnel," akanong'ona.

"Mimi nimebeba miaka tisa. Wewe dakika kumi tu zimekushinda?"

Mwishoni mwenye insha huandika upya dai lake ubaoni. Börje akaandika: "Ajali ilitokana na uzembe wa msimamizi."

Gunnel hakukaa. "Msimamizi ana jina. Langu uliliandika lote."

Chaki ikakatika mkononi mwa Börje. Akaokota kipande, akaliandika jina lake lote. Gunnel akaupiga ubao picha, akamtumia mke wa Lennart, kisha akavuta keki na kujikatia kipande cha kwanza.